"Njia Yako Iko Wapi?": Skripti za Kujenga Programu za Java

(Hotuba iliyotolewa kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule, na mwanachama aliyemaliza kidato cha sita mwaka 1983)



Awali ya yote naishukuru Kamati ya Utendaji kwa kunipa heshima ya kuzungumza katika bwalo hili. Mara ya mwisho kusimama peke yangu humu ndani ilikuwa mwaka 1982, na wakati huo sikusimama kwa heshima. Nilisimamishwa na kiranja wa zamu kwa kosa la kuchelewa kengele ya chakula. Kwa hiyo mtaniwia radhi mkiona miguu inatetemeka kidogo.

Katibu wetu aliponipigia simu aliniambia, "Zungumza juu ya kazi yako, lakini usizungumze na watu wa kompyuta peke yao." Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa kuandika programu za kompyuta katika lugha iitwayo Java. Katika kazi hiyo nimechagua sehemu moja ndogo, ambayo hata mafundi wengi huidharau, nayo ni namna ya kuzijenga programu hizo kwa skripti badala ya kuzijenga kwa mkono. Nimeichagua kwa sababu iliwahi kuniaibisha mbele ya mwalimu wangu, na pia kwa sababu inahusu jambo la chama chetu ambalo nitalieleza mwishoni.

Programu hujengwaje

Ndugu Mwenyekiti, naomba nianze na wale wasio mafundi. Lugha ya Java ilitolewa hadharani mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na mtu aliyeongoza kazi ya kuibuni ni James Gosling. Mwandishi wa programu huandika maagizo yake katika mafaili ya maandishi ya kawaida, ambayo mtu aliyejifunza anaweza kuyasoma. Kompyuta haiwezi kuyafuata yakiwa hivyo. Kuna chombo kiitwacho javac, ambacho huyasoma maandishi hayo na kuyageuza kuwa mafaili ya namna nyingine, yenye maagizo mafupi mafupi yanayoeleweka na mtambo wa Java uliomo ndani ya kompyuta. Kugeuza huko ndiko tunakoita kukompaili.

Programu ya faili moja, kama ile ambayo kijana hujifunzia, haina taabu. Unaandika amri moja na kazi imekwisha. Walakini programu ya ofisi huwa na mafaili mamia, na mengine hutegemea mengine. Huhitaji pia maktaba, yaani sehemu za programu zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, ambazo nasi tunaazima. Baada ya kukompaili, programu lazima ijaribiwe, ifungashwe katika faili moja la aina ya JAR, kisha ipelekwe kwenye kompyuta itakakotumika. Kila hatua ina zamu yake. Wote tuliowahi kupangiwa zamu ya jiko hapa tunajua kwamba ugali hausongwi kabla maji hayajachemka, na maji hayachemki kabla kuni hazijapasuliwa. Kiranja aliyesahau hatua moja aliwalaza njaa watu mia nne.

Skripti ya kujenga ni faili la maandishi linaloorodhesha hatua hizo zote: kipi kinategemea kipi, maktaba gani zinahitajika, na mafaili yaliyokompailiwa yawekwe wapi. Ukishaliandika, unatoa amri moja tu na kompyuta inafuata hatua zote kwa utaratibu ule ule, leo na kesho, kwako na kwa mwenzako.

Yaliyonipata mimi

Nilipoanza kazi sikuona umuhimu wake. Nilikuwa na haraka, na niliamini kichwa changu kinatosha.

Mwaka 2004 mimi na mwenzangu tulikuwa tunatunza programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Mkutano wa wanachama ulipunguza riba ya mikopo kutoka asilimia 2 kwa mwezi hadi asilimia 1.5. Kiwango hicho kiliandikwa mahali pamoja tu, katika faili la viwango. Nililifungua, nikafuta 2, nikaandika 1.5, nikalikompaili faili lile moja, nikalinakili kwenye kompyuta ya ofisi na kwenda zangu nyumbani. Siku hiyo hiyo mwenzangu alikuwa amerekebisha ukurasa unaoonyesha viwango, akaukompaili na kuupeleka. Karani alipofungua ukurasa ule aliona asilimia 1.5, na wote tukaridhika.

Miezi miwili baadaye akaja ofisini mzee mmoja aliyestaafu, amebeba karatasi yake ya makato. Nilipoinua macho nilimwona mwalimu wetu wa hesabu wa shule hii. Yupo hapa leo, safu ya mbele. Shikamoo tena, Mwalimu. Alikuwa amechukua mkopo mpya wa shilingi 600,000, na kwa riba mpya alitakiwa kukatwa shilingi 9,000 kwa mwezi wa kwanza. Alikatwa 12,000. Hesabu aliifanya kwa penseli nyuma ya karatasi ile ile.

Nilimwambia kwa adabu kwamba kompyuta haikosei. Nikamfungulia ukurasa, akaona 1.5. Nikamfungulia faili langu la viwango, akaona 1.5. Nikachapisha karatasi upya mbele yake, ikatoka 12,000. Mwalimu akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia mwaka 1982, akasema, "Jibu lako nimeliona. Njia yako iko wapi?"

Ndugu zangu, sikuwa na njia ya kumwonyesha. Sikuweza kumwambia ni faili gani lilikompailiwa siku gani, na nani, kutokana na maandishi yapi. Nilikesha usiku kucha nikitafuta kosa katika maandishi ambayo hayakuwa na kosa lolote. Alfajiri, kwa kuchoka, nilifuta mafaili yote yaliyokompailiwa na kuyakompaili yote upya. Nikachapisha: 9,000.

Sababu niliielewa baadaye, na nataka vijana wanaosoma Java waishike. Ukitangaza tarakimu isiyobadilika kwa maneno static final, ukaipa thamani yake pale pale, kisha ukaitaja katika mafaili mengine, javac haiweki katika mafaili hayo agizo la kwenda kuisoma kwenye faili la mwanzo. Huinakili tarakimu yenyewe ndani ya kila faili lililoitaja. Ni kama ratiba ya vipindi iliyobandikwa ubaoni, ambayo kila mwanafunzi ameinakili kwenye daftari lake. Mwalimu wa taaluma akiibadilisha ratiba ya ubaoni, madaftari hayabadiliki. Ukurasa aliourekebisha mwenzangu ulikompailiwa siku ile, kwa hiyo ulinakili 1.5. Sehemu ya makato haikuguswa, ikabaki na 2. Hilo si kosa la Java, maana kanuni za lugha hiyo zinalieleza wazi. Kosa lilikuwa langu mimi niliyechagua kwa kichwa ni faili gani la kukompaili.

Waliokatwa zaidi walirudishiwa fedha zao, na kazi hiyo ilituchukua majuma mawili. Jambo lililoniuma ni kwamba katika miezi ile miwili wengine wote walikatwa wakanyamaza, kwa kuwa karatasi ilitoka kwenye kompyuta.

Wenzetu waliotutangulia

Nilijifariji kidogo nilipojua kwamba sikuwa wa kwanza. Mwaka 1976, katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, fundi mmoja aliyeitwa Steve Johnson alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu isiyokuwa na kosa. Alikuwa amekwisha kulisahihisha, ila faili lililosahihishwa halikukompailiwa upya. Alikwenda kulalamika kwa mwenzake, Stuart Feldman, ambaye naye alikuwa amepatwa na jambo kama hilo. Kutokana na malalamiko hayo Feldman alitengeneza chombo kiitwacho make. Chombo hicho husoma orodha ya mategemeo, kisha hutazama saa ambayo kila faili lilibadilishwa, na maandishi yakiwa mapya kuliko kilichokompailiwa, hukompaili upya. Mwaka 2003 chama cha ACM kilimpa Feldman tuzo kwa kazi hiyo.

Java ilipokuja, wengi waliendelea kutumia make, lakini haikuwakaa sawasawa. Orodha za make hutumia amri za mfumo wa kompyuta husika, na amri za Unix si amri za Windows, wakati sifa kubwa ya Java ni kwenda popote. Tena katika make mstari wa amri sharti uanze kwa alama ya tabo. Ukiweka nafasi za kawaida unakataliwa, na kwa macho huoni tofauti. James Duncan Davidson, aliyekuwa Sun akishughulikia programu ya Tomcat, alichoshwa na taabu hizo akaandika chombo chake kwa Java yenyewe, akakiita Ant, yaani chungu, mdudu mdogo ajengaye vikubwa. Toleo la kwanza la Ant lililojitegemea lilitoka Julai 2000, chini ya Apache Software Foundation.

Katika Ant unaandika hatua zako kwa mpangilio wa XML na kuzipa majina. Mimi huzipa majina ya Kiswahili: safisha, kompaili, jaribu, fungasha. Unaieleza kwamba fungasha hutegemea jaribu, na jaribu hutegemea kompaili. Ukiagiza kufungasha, Ant hurudi nyuma yenyewe ikaanza na hatua ya kwanza, na hatua moja ikishindwa husimama hapo hapo. Programu isiyofaulu majaribio haifungashwi.

Baada ya hapo ikaja Maven, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Maven ilileta mazoea ya pamoja: maandishi ya Java hukaa katika folda ya src/main/java, majaribio hukaa katika src/test/java, na anayeyafuata mazoea hayo haandiki hatua nyingi. Huandika tu programu yake inaitwaje na inahitaji maktaba gani za toleo lipi, nayo Maven huzileta kutoka kwenye ghala kuu la intaneti. Kisha Gradle, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2012, ikaruhusu skripti iandikwe kwa lugha ya programu badala ya XML. Mwaka uliofuata Google ikaitangaza kuwa njia yake mpya ya kujengea programu za simu za Android.

Faida na tahadhari

Ndugu Mwenyekiti, mtu anaweza kusema kwamba hayo yote ni ya kumwokolea fundi muda. Kweli muda unaokolewa, lakini faida kubwa ni nyingine. Desemba 2021 ilitangazwa kwamba Log4j, maktaba inayotumiwa na programu nyingi mno za Java kuandika kumbukumbu za matukio, ilikuwa na tundu ambalo lilimwezesha mtu wa mbali kuendesha maagizo yake katika seva ya mwingine. Siku ile kila ofisi duniani iliulizwa swali moja: je, nyinyi mnayo? Mwenye skripti ya Maven alitoa amri ya mvn dependency:tree, akaona maktaba zake zote pamoja na zile zilizoletwa na maktaba nyingine. Akabadilisha namba ya toleo, akajenga upya. Aliyekuwa akinakili mafaili ya JAR kwa mkono, miaka nenda miaka rudi, alibaki kufungua folda moja baada ya nyingine.

Lakini nisiwadanganye. Skripti hufanya ulichoiandikia na si zaidi. Ant ya kawaida hulinganisha tarehe za mafaili tu, kwa hiyo hata kosa langu la mwaka 2004 lingeweza kuipita, kwa kuwa faili la makato halikuguswa. Ndiyo maana programu inayokwenda kwa watu hujengwa kwa kuanza na hatua ya kusafisha: futa vyote vilivyokompailiwa, anza upya. Pili, andika ndani ya skripti ni toleo gani la Java linalokusudiwa, maana kilichokompailiwa kwa ajili ya Java 17 hakifunguki kwenye kompyuta yenye Java 8. Tatu, hifadhi skripti pamoja na maandishi ya programu, mahali pamoja. Na kwa sisi ambao intaneti hununuliwa kwa vifurushi, Maven huleta maktaba mara ya kwanza tu na kuzihifadhi kwenye kompyuta. Baada ya hapo waweza kujenga bila intaneti kwa kuongeza -o katika amri yako.

Jambo la chama chetu

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi, na ni la kuungama. Wengi mnajua kwamba daftari la Mfuko wetu wa Nauli, Sare na Magodoro, ambao huwasaidia vijana wanaopangiwa kidato cha tano hapa kutoka mikoa ya mbali, hutunzwa kwa programu niliyoandika kwa kujitolea. Baada ya yote niliyojifunza, mngedhani niliiandikia skripti. Sikuiandikia. Niliona ni kitu kidogo cha nyumbani, nikaendelea kuijenga kwa mkono kwenye kompyuta yangu.

Mwaka 2022 nilifanya marekebisho madogo kwenye kompyuta mpya yenye Java 17, nikampelekea Mweka Hazina, na kesho yake nikalazwa hospitali. Kompyuta yake ilikuwa na Java 8. Programu ikakataa kufunguka, wakati ule ule ambapo majina ya kidato cha tano yalikuwa yametoka. Mwanachama mmoja kijana, fundi mzuri, aliyachukua mafaili yangu akajaribu kuyajenga upya, lakini hakujua ni maktaba zipi wala za toleo lipi. Maelezo yote yalikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu kilikuwa kitandani, hakijui jua wala mwezi. Mweka Hazina alirudi kwenye karatasi, akaunganisha orodha kwa taabu. Vijana watatu walipata nauli zao wakati wenzao walikwisha kuanza masomo. Nadhani mmoja wao yumo humu ndani jioni hii. Mwanangu, kuchelewa kwako hakukutokana na mvua wala basi. Kulitokana na mimi kutoonyesha njia.

Nilipopona, kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa skripti ya Maven. Mwezi uliopita nilimletea mwalimu wa kompyuta wa shule hii folda yenye maandishi ya programu, skripti, na karatasi ya ukurasa mmoja. Nikamwomba aijenge nami nimekaa kando bila kusema neno. Aliandika mvn clean package, akabonyeza kitufe, tukangoja. Majaribio yote yakapita na faili la JAR likatoka. Likafunguka kwenye kompyuta ya Mweka Hazina. Mwalimu akanigeukia akauliza, "Ndiyo hivyo tu?" Nikamjibu, ndiyo hivyo tu.

Ndugu Mwenyekiti, natoa maombi mawili. La kwanza, mkutano huu uazimie kwamba programu yoyote ya chama, iliyoandikwa na mwanachama yeyote, isipokelewe mpaka mtu mwingine aweze kuijenga kwa skripti yake bila kumpigia simu mwandishi. La pili ni kwenu vijana wa shule. Mnapojifunza Java, programu yenu ya kwanza yenye mafaili zaidi ya matatu iandikieni skripti, hata kama mnaona mnaweza kukumbuka. Mtihani wa Mwalimu wetu ulikuwa na alama za jibu na alama za njia. Tulikuwa tukinung'unika kwamba anatuchosha. Leo ningependa kumwambia mbele yenu kwamba alama za njia ndizo zilizobaki na mimi.